Njozi ni Amana: Maisha na Maono ya Black Elk wa Walakota



Naomba nianze na kikao kimoja. Ni Mei 1931, karibu na kijiji cha Manderson, katika eneo la Pine Ridge walilotengewa Walakota huko South Dakota, Marekani. Mzee wa miaka 67, ambaye macho yake yamekaribia kupofuka, anasimulia kwa Kilakota. Kando yake yuko mwanawe Ben, anayeyageuza maneno ya baba kuwa Kiingereza. Mshairi kutoka Nebraska, John G. Neihardt, anayapokea, anayanyoosha na kuyarudia kwa sauti. Binti wa mshairi, Enid, anayanasa kwa hatimkato ili baadaye ayapige taipu. Pembeni wameketi wazee wa rika la msimulizi, akiwamo rafiki yake Standing Bear, kwa sababu kwa Walakota mtu hasimulii mambo yake makubwa bila mashahidi walioyaona.

Hesabuni wenyewe. Kutoka kinywa cha mzee hadi karatasi, neno lilipita kwa watu watatu. Mwaka 1932 karatasi zile zikawa kitabu, *Black Elk Speaks*. Mwanzoni hakikununuliwa sana. Kilipochapishwa tena mwaka 1961 kikaenea duniani, kikatafsiriwa kwa lugha nyingi, na wasomaji wengi wakabaki na picha moja kutoka kurasa zake za mwisho: mzee anayejiona ameshindwa, taifa lililosambaratika, mti mtakatifu uliokauka.

Picha hiyo inaliza. Ina kasoro moja: maneno yale ya mwisho hayakusemwa na mzee. Mwanaanthropolojia Raymond DeMallie alipochapisha maandishi ya awali ya mazungumzo yale mwaka 1984, ilidhihirika kwamba kilio kile kilitungwa na mshairi, na Neihardt mwenyewe alikuwa amekwisha kukiri hivyo. Alitunga kwa huruma na kwa ustadi, lakini alitunga.

Basi Black Elk mwenyewe aliyaonaje maisha yake? Jibu langu la leo liko katika neno ambalo kila mmoja wetu amefunzwa nyumbani: amana. Njozi aliyoipata utotoni hakuichukua kuwa ndoto nzuri ya kulilia ikivunjika. Aliichukua kuwa mali ya watu iliyowekwa mikononi mwake. Amana hukabidhiwa, huchelewa, hukhiniwa, au humlemea aliyeishika. Miaka yake yote ilikuwa safari ya mtu anayetafuta mlango wa kuiwasilisha.

Tumwite nani?

Tuanze na jina, maana hapa ndipo tafsiri nyingi hujikwaa. Tukimwita mganga, wengi wenu mtaona tunguri na kibao kilichopigiliwa kwenye nguzo ya umeme. Tukimwita nabii, tutamtwika madai ambayo hakuyatoa. Walii ni neno linalokaribia, ila lina nyumba yake katika Uislamu, na si adabu kulihamisha bila ruhusa. Walakota wenyewe hutofautisha. Yuko mtu wa dawa, anayejua mizizi na majani. Yuko pia *wichasha wakan*, mtu ambaye nguvu zisizoonekana zimemgusa na kumpa kazi. *Wakan* ni kile kilicho kitakatifu na cha fumbo kwa pamoja. Mungu, au chanzo cha vyote, ni *Wakan Tanka*, Fumbo Kuu. Katika sala huitwa *Tunkashila*, na hili halitusumbui hata kidogo kulitafsiri: ni Babu.

Black Elk alikuwa yote mawili, mtu wa dawa na mtu mtakatifu. Jina lake la Kilakota, Hehaka Sapa, lina maana ya dume jeusi la elki, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu mwenye pembe za matawi. Alilirithi. Baba yake aliitwa hivyo, na babu, na baba wa babu; yeye alikuwa wa nne. Alizaliwa Desemba 1863 kando ya mto Little Powder, katika nchi ambayo leo ni Wyoming, miongoni mwa Waoglala, tawi moja la Walakota. Baba yake alikuwa mtu wa dawa, na alichechemea kwa sababu mguu wake ulivunjika katika mapigano na wanajeshi wa Marekani mwaka 1866. Crazy Horse, shujaa aliyeogopwa kuliko wote, alikuwa binamu katika ukoo wao.

Mtoto huyu alizaliwa katika taifa lililokuwa likiishi kwa nyati na farasi. Nyama, mavazi, hema na kamba, vyote vilitoka kwa nyati. Mwaka 1868, mkataba wa Fort Laramie uliwahakikishia Walakota nchi yao, pamoja na Milima Myeusi, Paha Sapa, iliyokuwa kwao kitovu cha ibada. Miaka sita baadaye, msafara wa kijeshi wa George Custer ulitangaza kwamba milimani kuna dhahabu. Mengine mnaweza kuyakisia.

Siku 12

Kiangazi cha 1873, Black Elk akiwa na umri wa miaka tisa, miguu ilimsaliti. Ilivimba, akashindwa kusimama, akalala hemani kwa wazazi wake siku 12 kama maiti. Wazazi walijua wanampoteza. Yeye, kwa maelezo yake, hakuwapo. Watu wawili walishuka kutoka mawinguni vichwa vikitangulia, kama mishale, wakamwita, naye akapanda nao.

Huko juu alipokewa na farasi mwekundu aliyemwonyesha farasi wenzake: 12 weusi upande wa magharibi, 12 weupe kaskazini, 12 wa rangi ya shaba mashariki, 12 wa rangi ya mchanga kusini. Wakamsindikiza hadi kwenye hema ambalo mlango wake ulikuwa upinde wa mvua. Ndani waliketi wazee sita. Ndio Mababu: wanne wa pande nne za dunia, wa tano wa Mbingu, wa sita wa Ardhi.

Kila mmoja alimpa kitu, na hapa ni lazima tusikilize kwa makini. Babu wa Magharibi alimpa kikombe cha maji chenye uwezo wa kuhuisha, na pamoja nacho upinde wenye uwezo wa kuangamiza. Wa Kaskazini alimpa mmea wa dawa na bawa jeupe la kutakasia. Wa Mashariki alimpa kiko, chombo cha amani na sala. Wa Kusini alimpa fimbo nyekundu iliyochipua mbele ya macho yake, ikatoa majani na kujaa ndege: mti utakaosimama katikati ya watu wake na kuwapa kivuli. Akaonyeshwa njia mbili zinazokatana: nyekundu, ya wema, kutoka kaskazini hadi kusini, na nyeusi, ya taabu na vita, kutoka magharibi hadi mashariki. Babu wa sita alikuwa mzee sana, lakini mtoto alipomkazia macho, yule mzee alianza kurudi ujanani hadi akawa mtoto, na mtoto huyo akawa Black Elk mwenyewe.

Kisha alionyeshwa watu wake wakipanda miinuko minne, yaani vizazi vinne. Katika wa kwanza nchi ilikuwa ya kijani. Katika wa tatu kila mmoja alishika njozi yake ndogo na kanuni zake mwenyewe, na hapakuwa na mwenye kumsikiliza mwenzake. Katika wa nne nyuso zilikuwa za njaa, na mti haukuwapo. Mwishowe alisimamishwa juu ya kilele kirefu kuliko vyote, katikati ya dunia, akaona kwamba duara la watu wake ni moja tu kati ya maduara mengi, yote yameungana kuwa duara moja pana kama mwanga wa mchana, na katikati umesimama mti mmoja unaochanua, ukiwafunika wote kama watoto wa baba mmoja na mama mmoja.

Alipozinduka, wazazi walilia kwa furaha. Aliyepewa shukrani pamoja na farasi mzuri ni mtu wa dawa Whirlwind Chaser, aliyekuwa akimshughulikia. Mtoto alitaka kusema, akaogopa. Angeanzia wapi? Akanyamaza.

Kimya kinachouma

Kimya hicho kilidumu miaka minane, na ni miaka ambayo dunia yake ilianguka. Tarehe 25 Juni 1876, kando ya mto Little Bighorn, kikosi cha 7 cha wapanda farasi wa jeshi la Marekani kilivamia kambi kubwa ya Walakota na Wacheyenne. Custer na askari waliokuwa naye waliuawa wote. Black Elk, mwenye umri wa miaka 12, alimchuna ngozi ya kichwa askari aliyekuwa bado hajakata roho, kisha akampiga risasi. Alipompelekea mama yake ngozi ile, mama alimpigia vigelegele. Nayataja haya kwa makusudi. Tunapenda watakatifu wetu wawe wapole tangu tumboni. Huyu alikuwa mtoto wa vita.

Ushindi ule ulileta hasira ya taifa zima la Marekani. Mwaka 1877 Milima Myeusi ilichukuliwa. Septemba ya mwaka huo Crazy Horse aliuawa Fort Robinson akiwa mikononi mwa waliomshika. Familia ya Black Elk ilivuka mpaka kumfuata Sitting Bull huko Kanada, nchi waliyoiita ya Bibi, yaani ya Malkia Victoria. Njaa na baridi viliwarudisha.

Wakati huo kijana alikuwa na maradhi mengine. Kila mawingu ya mvua yalipokusanyika, alisikia sauti katika radi zikimhimiza. Alikimbia, akajificha hemani, akatetemeka. Wazazi walidhani ana wazimu. Ndipo mtu wa dawa mwenye umri mkubwa, Black Road, alipomketisha na kumuuliza. Kwa mara ya kwanza kijana alifungua kinywa. Jibu la mzee lilikuwa wazi: ulichopewa si chako. Kionyeshe watu kama ulivyokiona, la sivyo kitakudhuru.

Hapa ndipo mzizi wa hoja yangu ulipo. Katika imani ya Walakota, njozi iliyofungiwa kifuani haina nguvu ya kumsaidia mtu, na mwenyewe inamla. Huanza kufanya kazi pale inapochezwa mbele ya watu, ardhini, mchana. Mwaka 1881, karibu na Fort Keogh huko Montana, kijiji kizima kiliigiza njozi ya kijana wa miaka 17. Farasi weusi, weupe, wa rangi ya shaba na wa rangi ya mchanga walipambwa na kupangwa. Wazee sita waliketi kuwakilisha Mababu. Wasichana wanne walibeba vifaa vitakatifu. Nyimbo alizozisikia mawinguni akiwa mtoto, sasa aliwafundisha wazee. Baada ya siku ile hofu ya radi ilimtoka, na watu walimjia wakisema wagonjwa wao wamepata nafuu.

Baadaye akawa pia *heyoka*, yaani yule mtakatifu anayefanya mambo kinyumenyume ili watu wacheke. Asiyeelewa jambo hilo amuulize mtu wa bara aliyewahi kumwona mtani akilala kaburini na kudai ada msibani. Kicheko pale hakimdharau marehemu. Kinafungua kifua ili machozi na faraja vipate nafasi.

Kuvuka bahari

Mwaka 1886 alifanya jambo ambalo wasomaji wanaotaka mtakatifu safi huliruka: alijiunga na maonyesho ya Buffalo Bill, ambako Wahindi Wekundu, kama walivyoitwa, waliigiza vita vyao wenyewe kwa kiingilio. Sababu yake aliieleza: alitaka kuiona dunia ya Mzungu, ajue kama ndani yake kuna siri ya kuwasaidia watu wake. Aliyeshika amana na hajui pa kuipeleka hubisha kila mlango.

Akiwa New York alishangazwa na wingi wa watu na uchache wa huruma. Mwaka 1887 meli iliwavusha kwenda Uingereza, katika mwaka wa jubilei ya miaka 50 ya Malkia Victoria. Malkia aliwatazama, naye Black Elk akamkumbuka kwa wema maisha yake yote. Mwaka uliofuata aliachwa na msafara mjini Manchester pamoja na wenzake kadhaa, bila lugha wala nauli. Akafanya kazi katika maonyesho mengine, akafika Paris na Ujerumani, akaugua, akalelewa na familia moja ya Paris. Mwaka 1889 alimpata tena Buffalo Bill mjini humo, akakatiwa tiketi ya kurudi nyumbani.

Mashati na theluji

Alirudi akakuta nchi imegawanywa tena, mgao wa chakula umepunguzwa, watoto wanakufa kwa maradhi. Na kutoka Nevada, magharibi ya mbali, ilikuwa imeanza kuvuma habari: Wovoka, mtu wa kabila la Paiute, ameahidi kwamba wafu watarudi, nyati watarudi, dunia itafanywa upya, watu wacheze tu na kuishi kwa amani. Waliiita Ngoma ya Mizimu.

Black Elk alikwenda kutazama akiwa na mashaka. Alichokiona kilimshtua: duara la wachezaji, na katikati mti. Ilikuwa njozi yake. Akajiunga, akacheza, akaona maono mengine, na kwa maelezo yake akashona mashati matakatifu kwa mfano wa yale aliyoyaona humo. Watu waliamini kwamba risasi haiwezi kuyapenya.

Msikilizaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa zaidi. Miaka 15 baadaye, huko Ngarambe, mganga Kinjikitile angegawa maji ya kugeuza risasi. Hapakuwa na mjumbe aliyebeba habari kutoka Nevada hadi Matumbi. Watu walionyang'anywa ardhi na chakula, mbele ya bunduki wasizoweza kulingana nazo, waligeukia silaha ambayo adui hakuwa nayo.

Tarehe 15 Desemba 1890 Sitting Bull aliuawa alipokuwa akikamatwa na polisi Walakota waliotumwa na serikali. Kundi la chifu Spotted Elk, aliyeitwa pia Big Foot, likaelekea Pine Ridge kutafuta usalama. Chifu mwenyewe alikuwa anatapika damu kwa homa ya mapafu. Asubuhi ya tarehe 29, kandokando ya kijito cha Wounded Knee, kikosi kilekile cha 7 kiliwazunguka na kuanza kuwanyang'anya silaha. Risasi moja ililia. Kisha mizinga. Katika kaburi la pamoja walizikwa 146, na makadirio ya waliokufa yanafika 250 hadi 300, wengi wao wanawake na watoto. Wanajeshi waliokufa walikuwa 25. Serikali iliwapa takriban askari 20 nishani ya juu kabisa ya ushujaa.

Black Elk alisikia mizinga akiwa Pine Ridge. Alipanda farasi, akafika, akakuta maiti za akina mama zimetawanyika bondeni. Kesho yake alipigana na kujeruhiwa tumboni. Usiku theluji iliifunika miili.

Neihardt alikifunga kitabu hapo. Ni mwisho mzuri kwa tanzia. Tatizo ni kwamba mhusika alikuwa na miaka 27, na angeishi mingine karibu 60.

Mmea alioukataa

Mwaka 1892 alimwoa Katie War Bonnet. Aliendelea kutibu. Katie alifariki 1903. Mwaka uliofuata, kwa masimulizi ya binti yake Lucy, Black Elk alikuwa akimtibu mtoto mgonjwa, padri Mjesuiti akaingia, akavitupa nje vifaa vyake na kumkemea. Black Elk hakupigana. Alifuatana na padri hadi misheni, na tarehe 6 Desemba 1904, sikukuu ya Mtakatifu Nikolao, akabatizwa Nicholas.

Wengine wamesema alilazimishwa na zama: serikali ilikuwa imepiga marufuku ibada za asili tangu 1883, na asiye na kanisa hakuwa na pa kukusanyika. Wengine wamesema aliongoka kikamilifu na kuyazika ya kale. Kila upande una ushahidi wake. Mimi nataka kuwaonyesha jambo lililoachwa nje ya kitabu cha 1932, lakini limo katika maandishi ya awali.

Miongoni mwa vitu alivyopewa katika njozi ulikuwamo mmea wa maangamizi. Alipaswa kuutumia akiwa na umri wa miaka 37, na nguvu yake ingewafuta maadui wote, pamoja na wake na watoto wao. Kumbukeni upinde wa Babu wa Magharibi. Black Elk alieleza kwamba muda ulipokaribia, alishindwa. Aliwahurumia wale watoto. Angeutumia, alisema, huenda angekuwa chifu mkuu. Aliuacha, na kuuacha huko ndiko alikokuunganisha na uamuzi wake wa kuingia kanisani.

Mtu huyu aliziona maiti za watoto wa Wounded Knee kwa macho yake. Alikuwa na kila sababu ya kulipiza, na aliamini kabisa kwamba uwezo wa kulipiza amepewa kutoka juu. Basi amana ilikuwa na pande mbili, kikombe na upinde. Upande mmoja aliutafutia mlango maisha yake yote. Mwingine aliukalia kimya, akakubali kuonekana dhaifu. Kama kuna mahali alipokuwa mtakatifu kweli, mimi nahesabu ni hapo.

Baada ya ubatizo hakuwa muumini wa viti vya nyuma. Alikuwa katekista kwa miongo mingi, akienda nyumba kwa nyumba, akiongoza sala palipokosa padri, akitumwa hadi kwa makabila mengine, na anahesabiwa kuwa aliwaleta kanisani watu zaidi ya 400. Chombo chake cha kufundishia kilikuwa mchoro mrefu uliotumiwa na wamisionari, unaoonyesha historia ya wokovu kwa njia mbili, ya wema na ya upotevu. Mtoto aliyeonyeshwa njia nyekundu na nyeusi angeuona mchoro ule kuwa mgeni kweli?

Kilele

Mwishoni mwa mazungumzo ya 1931, mzee aliomba apelekwe Harney Peak, kilele cha Milima Myeusi chenye urefu wa mita 2,200 hivi. Ndicho kilele cha njozi. Kwa kuwa hakuwa na mavazi ya ibada, alivaa nguo ndefu nyekundu za ndani, zile za kukinga baridi, akajipaka rangi, akasimama na kiko mkononi, akawaombea watu wake wapate uhai. Neihardt ameandika kwamba mvua nyepesi ilinyesha katika siku ya ukame. Mtu mzima amesimama mlimani na nguo za ndani, analia mbele za Mababu. *Heyoka* angeelewa.

Kitabu kilipotoka, mapadri walikasirika. Januari 1934 Black Elk alitia saini tamko la kuithibitisha imani yake ya Kikatoliki na kulalamika kwamba kitabu kimeyaacha maisha yake ya kanisani. Lakini kuanzia katikati ya miaka hiyo ya 1930, kila kiangazi aliwaonyesha watalii ibada za kale milimani, hadharani, kama ilivyochezwa njozi ile mwaka 1881. Na mwaka 1947 alimpokea kijana msomi, Joseph Epes Brown, akamweleza ibada saba za kiko kitakatifu, ili zisipotee. Kitabu cha ibada hizo kilitoka 1953. Yeye alikuwa amefariki tarehe 19 Agosti 1950, Manderson, rozari na kiko vyote vikiwa vyake.

Mwaka 2016 Harney Peak ilibadilishwa jina. Jenerali Harney, ambaye mlima ule ulipewa jina lake, ndiye ambaye askari wake waliwaua wanawake na watoto wa Kilakota mwaka 1855. Sasa unaitwa Black Elk Peak. Mwaka 2017 jimbo la Rapid City lilifungua mchakato wa kumtangaza mwenyeheri, na sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu, cheo kilekile alichonacho Mwalimu Nyerere. Milima yenyewe haijarudi. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamuru Walakota walipwe fidia ya zaidi ya dola milioni 100. Fedha zimelala katika hazina ya Marekani, zimezaa hadi kupita bilioni moja, na wenye milima hawajazigusa. Anayedai amana hapokei bei yake.

Ndugu zangu, nirudi kwenye kikao cha Mei 1931. Tumezoea kumtazama mzee na mshairi, kana kwamba neno liliruka moja kwa moja kutoka kwa Mlakota hadi kwa Mzungu. Tumtazame aliyeketi katikati yao. Mzee mwenyewe alieleza kwamba njozi ile kwa ukamilifu wake hakuwa amewahi kuisimulia, hata kwa Standing Bear, hata kwa mwanawe. Ben alikuwa na miaka 32. Kila sentensi ilimfikia yeye kwanza, kwa Kilakota, kabla mshairi hajaambulia neno. Farasi 12 weusi walipita sikioni mwake kwanza. Mti ulichanua kwake kwanza.

Ben Black Elk alitumia miaka mingi iliyofuata akizungumzia mila za Walakota mashuleni na mbele ya wageni, akisimama kila kiangazi chini ya nyuso za marais zilizochongwa Mount Rushmore, ndani ya milima ileile, hadi karibu na kifo chake mwaka 1973. Mshairi aliandika kwamba mti umekufa. Siku ile aliyeketi kati yake na mzee alikuwa ameshaupokea.